Tusiwashushe wageni mto Ruvuma usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie rai niliyoisikia hapa Mtwara mjini kwa vijana wanaotembeza wageni, kwamba umefika wakati wa kuanzisha safari za boti la mpira katika mto Ruvuma, na kwamba safari hizo zifanyike usiku wa mbalamwezi kwa kuwa wageni wapendao michezo ya kusisimua watazilipia vizuri zaidi. Rai ya boti naiunga mkono kwa moyo wote. Rai ya usiku naipinga, kwa sababu niliwahi kushuka maporomoko gizani mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jinja, Uganda, karibu na mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Tulikuwa wasafiri saba tuliojuana ndani ya basi. Tulipaswa kuingia majini asubuhi, lakini gari la kubeba boti liliharibika, na wenyeji wetu walipotaka kuahirisha tuliwashikilia hadi wakakubali tuondoke alasiri, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yetu. Kule ikweta jua halikawii kuzama. Mara tu baada ya saa moja sikuweza tena kuliona kafi la mwenzangu, na mbele yetu lilikuwa limebaki poromoko moja.

Mchana kiongozi wa boti huyasoma maji kwa macho: pale maji yanapopita laini katikati ya mawe ndipo penye njia, na pale povu jeupe linapojirudia juu ya mwamba ndipo pa kukwepa. Usiku ule alibakiwa na masikio tu, na ngurumo za poromoko lililo karibu husikika kama zinatoka pande zote. Boti liliinuka ubavu mmoja, na mwenzetu aliyeketi mbele yangu akatoka. Ninachokikumbuka zaidi ni ukimya alioamuru kiongozi, kwamba kila mmoja ataje namba yake kisha asitoe sauti nyingine. Namba nne haikuitika. Ndipo tukasikia filimbi, ile ndogo inayofungwa kwenye jaketi okozi, ikilia mara mbili mbali kule mto unakoelekea. Kamba ilirushwa mara tatu kuifuata sauti kabla ya kumfikia, maana yeye hakuiona ikija, wala sisi hatukuuona mkono wake. Alisalimika kwa kuwa alishika aliyofundishwa ukingoni, yaani kulala chali, miguu ikitangulia, bila kujaribu kusimama, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi asiweze kuinuka.

Na pale maji yalitusaidia. Baada ya poromoko lile mto ulikuwa na kina na upana, mkondo ukatulia, tukapata nafasi ya kumvuta. Ruvuma ya upande wetu haina maporomoko ya namna hiyo, na nadhani hilo ndilo linalowafanya watu waione ni rahisi. Hatari zake ni nyingine. Mafungu ya mchanga huhama kila baada ya mvua, na njia aliyoizoea nahodha mwaka jana huenda mwaka huu imezibwa. Mafuriko huleta magogo ambayo maji hupita katikati ya matawi yake na mtu akabaki amenaswa. Viboko hutoka majini jua likishazama kwenda kula nyasi na kurudi kabla ya kupambazuka, na boti linaloelea gizani karibu na ukingo litajikuta kati yao na kina chao. Mamba huwinda zaidi usiku. Karibu na Kilambo maji ya bahari hupanda mtoni, mwenendo wa mkondo ukabadilika. Tena huo ni mpaka wetu na Msumbiji, na walinzi wa ng'ambo zote mbili wana haki ya kulishuku boti linaloteremka usiku.

Mjomba wangu, aliyevusha watu kwa mtumbwi katika mto huo kwa miaka mingi, hakutia kafi majini baada ya magharibi isipokuwa kuna mgonjwa, na hata hapo alisimama kwanza ukingoni akasikiliza kwa muda mrefu. Hakuwa mwoga. Alizika marafiki.

Kwa hiyo nawaomba vijana wetu waanzishe safari hizi mchana, mvua zikishakoma na mchanga mpya umeshaonekana. Boti likaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kubeba abiria wa kulipa. Kila abiria avae jaketi linalomkaa mwilini, lenye filimbi, na aipulize mbele ya kiongozi kabla ya kuondoka ili ijulikane kuwa inalia. Nahodha awe mvuvi wa mto huohuo, asichukuliwe mtu wa pwani kwa kuwa tu anajua kuogelea. Saa kumi alasiri wote wawe wameshatoka majini. Wageni wanaotaka usiku wa Ruvuma wawekewe kambi juu ya ukingo, mbali na njia za viboko, waote moto na kuusikiliza mto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako, Mikindani, Mtwara