Anayekwepa si kwamba hana ngumi

Ndugu Mhariri,

Kila linapochezwa pambano hapa Tanga, bondia akianza tu kuzunguka ulingo na kukwepa, kelele zinaanza: "Simama upigane! Huyo hana ngumi!" Mashabiki hatuwalaumu, wamelipa kiingilio chao. Ubaya ni kocha naye anapoziamini kelele hizo, akamchukua kijana mwenye miguu mizuri na kumwamuru asimame palepale wapigane bandika bandua ili "apate ngumi". Hapo ndipo bondia anapoharibiwa.

Ngumi inaanzia kwenye vidole vya mguu wa nyuma, inapanda kiunoni, inapita begani. Mkono unaifikisha tu. Anayepiga huku anarudi nyuma, uzito wa mwili wake unakwenda kwake na ngumi inakwenda kwa mwenzake, kwa hiyo kinachofika ni nguvu ya mkono peke yake. Hiyo kweli nyepesi, mashabiki wako sahihi. Anayerukaruka naye yumo humo humo, maana miguu ikiwa hewani hakuna cha kusukumia. Kosa la tatu halionekani upesi: kijana anayeogopa kurudishiwa huivuta ngumi kabla haijafika ili awahi kulinda shavu. Ukimtazama utasema ana kasi, kumbe anagusa tu.

Dawa yake ni kumfundisha wakati wa kukanyaga. Lisukume begi la mazoezi libembee. Lipige linapoondoka: halina hata mshindo. Sasa lipige kwa nguvu ile ile linapokujia, uone linavyokurudishia mpaka begani. (Mikono iwe imefungwa bandeji sawasawa, la sivyo kifundo cha mkono kitateguka.) Mpinzani anayekukimbiza ndiye begi linalokujia, anaongeza uzito wake juu ya ngumi yako. Na kwa kuwa akili yake iko kwenye kupiga, ngumi haioni, shingo haijakazwa, kichwa kinageuka chote. Hiyo ndiyo inayolaza watu.

Floyd Mayweather, bondia wa Marekani, alistaafu mwaka 2017 akiwa na ushindi 50, 27 tu kwa KO (kummaliza mpinzani kabla ya raundi zote kwisha), na wengi humtaja kama bondia wa ngumi nyepesi. Tarehe 8 Desemba 2007 kule Las Vegas, raundi ya 10, Mwingereza Ricky Hatton alijitupa mbele kama kawaida yake. Mayweather alikanyaga mguu wa mbele, akageukia pembeni juu ya mguu huo huo, na ngumi ya kushoto ya kuzungusha ikampata Hatton njiani. Akaenda kugonga kona ya ulingo na kuanguka. Pambano halikuimaliza raundi hiyo. Miaka mitano baadaye, mji ule ule na tarehe ile ile, Juan Manuel Marquez wa Mexico alimzimisha Manny Pacquiao wa Ufilipino raundi ya 6 ikiwa imebaki sekunde 1. Katika mapambano yao matatu ya mwanzo Marquez hakuwahi kumwangusha hata mara moja. Ngumi ile ya kulia ilikwenda safari fupi sana. Pacquiao ndiye aliyeifuata. Hata ushindi wa Hassan Mwakinyo wetu kule Birmingham, Septemba 2018, alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili, utazameni tena mkijua kwamba Eggington ni mtu wa kwenda mbele siku zote.

Ulinzi nao unadanganya macho kwa upande wa pili. Anayejua kugeuza kichwa pamoja na ngumi, au kuipokea kwa bega, humfanya mpinzani mwenye konde zito aonekane anapapasa. Glavu ikipiga mkono wa kinga inatoa kelele kubwa, ukumbi unalipuka, lakini jaji anatakiwa kuandika ngumi safi. Msimpime kijana kwa pambano moja la namna hiyo.

Zoezi tunalolipendekeza halina gharama. Chora msalaba wa chaki sakafuni. Raundi 3 za dakika 3: bondia anazunguka, anatua na nusu hatua juu ya alama, miguu upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo, anapiga ngumi mbili, anatoka pembeni. Mbili tu, ya tatu ndiyo inayomkuta bado yupo. Kocha aangalie miguu badala ya mikono. Miguu ikikutwa imekaribiana au imepishana, ngumi hizo hazihesabiwi hata kama zimelia vizuri.

Kwa waandaaji tuna ombi moja. Ulingo unaofungwa siku ya pambano mara nyingi turubai lake linalegea, na godoro la chini ni laini mno. Mguu unazama, msukumo unaishia humo, na anayegeuka juu ya mguu wa mbele anajikunja kifundo. Anayenufaika ni yule asiyetembea. Turubai livutwe na kufungwa upya pande zote nne kabla ya pambano la kwanza, na likaguliwe tena kabla ya pambano kuu, kwa sababu hadi saa hizo huwa limeshalegea kwa kukanyagwa.

Makocha wa ngumi za ridhaa,
Ngamiani, Tanga