Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Idara ya Mahakama: tufungulie daftari la majina

Kwa Msajili Mkuu wa Idara ya Mahakama,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia wewe, si gavana wala mwakilishi wadi wetu, ingawa wengi wanaonijia na shida hii huwa wameshapita huko kwanza. Mtu akisikia "mahakama za kaunti" hudhani zinaendeshwa na kaunti, kama zahanati na masoko, akapanda ngazi za ofisi za kaunti akiulizia faili ya marehemu babake. Wanamtazama tu. Ugatuzi haukuifikia mahakama: Jedwali la Nne la Katiba limeziacha korti mikononi mwa serikali ya kitaifa, na Kifungu cha 161 kimekufanya wewe kuwa msimamizi mkuu na afisa mhasibu wa Idara nzima. Kila karani wa masijala, kuanzia Msambweni hadi Lamu, mwisho wa ngazi yake ni ofisi yako.

Mimi ni msaidizi wa kisheria kijijini, Kaunti ya Kilifi. Wakili si mimi. Na sehemu kubwa ya kazi yangu haihusu kesi zinazoendelea, bali zile zilizokwisha au zilizosahaulika. Mjane anataka kujua kama mashemeji zake walishafungua kesi ya mirathi bila kumwambia. Kijana kapewa bei nzuri ya shamba, lakini wazee wanamnong'oneza kwamba shamba hilo liligombaniwa kortini enzi za Moi, na hakuna anayekumbuka nani alishinda. Mama aliyeachika zamani anahitaji nakala ya talaka yake kutoka kwa Kadhi. Dereva aliyeshtakiwa akaachiliwa huru anataka cheti cha tabia njema cha polisi, na bila karatasi ya korti jina lake halisafishiki.

Wote hawa sheria iko upande wao. Kifungu cha 50 cha Katiba kinataka kesi zisikizwe hadharani. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Dola. Shauri lililosikizwa milango wazi, ambapo mpita njia yeyote angeweza kuketi kwenye benchi la nyuma na kusikia kila neno, haliwezi kugeuka siri kwa sababu tu limeandikwa, likatiwa kwenye jalada na kuwekwa rafuni. Hilo halibishaniwi, na hata makarani hawalibishi. Ukifika dirishani hakuna anayekwambia faili ni siri.

Karani anakuuliza tu: "Nambari ya kesi?"

Hapo ndipo wengi wao hugeuka wakarudi nyumbani. Faili huombwa kwa nambari na mwaka, pamoja na aina ya kesi: ya jinai, ya madai, ya mirathi, ya ardhi. Mjane wangu hana nambari. Angeijuaje, na kesi ilifunguliwa kwa siri? Anacho kitu kimoja tu, jina la mumewe. Na jina, katika masijala zetu, halifungui kitu. Ni sawa na kuambiwa kisima ni cha umma, ila ndoo ina mwenyewe.

Majina yapo, Mheshimiwa. Kila kituo kina rejista zake, yale madaftari makubwa ambamo kila kesi inayofunguliwa huandikwa kwa mpangilio wa nambari: tarehe, wahusika, madai, na mwishowe matokeo. Karani mwenye moyo hufungua daftari la mwaka unaoukisia, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa mpaka jina lijitokeze. Nimekutana na makarani wa namna hiyo na ninawaombea dua. Lakini nimefika pia katika masijala moja, ambayo sitaitaja, nikajibiwa "faili haionekani, njoo wiki ijayo" kabla daftari lolote halijafunguliwa. Nje ya lango, mtu ambaye si karani wala wakili akaniambia anaweza kunitafutia nambari kabla ya saa saba, kwa kitu kidogo.

Simlaumu sana yule wa langoni. Palipo na daftari lisilosomeka na umma, hapakosi mwenye kuuza kilichomo. Ukimfukuza huyu atakuja mwenzake, maana kinachomlisha ni ile kufuli.

Ombi langu ni dogo kuliko linavyosikika. Siombi kila faili ipigwe picha na kuwekwa mtandaoni. Najua ni rafu ngapi zimejaa vumbi na mchwa, na najua bajeti. Naomba orodha ya majina. Kwa kila kituo cha mahakama: majina ya wahusika, nambari ya kesi, mwaka, aina yake, imefikia wapi, na faili iko wapi leo. Iwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuitafuta kwa jina bila kumbembeleza mtu.

Watakaokushauri usikubali watasema majina ya watu yana faragha. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe kwamba majina hayo Idara yako huyatangaza yenyewe kila siku ya kazi. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ukutani, na siku hizi huwekwa mtandaoni: majina, nambari, jina la hakimu, saa. Jioni ikifika, orodha hiyo imepitwa na wakati, na kesho hubandikwa nyingine. Maombi ya mirathi nayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, jina la marehemu, jina la mwombaji, uhusiano wao, nambari ya kesi na kituo, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Ndivyo nilivyompatia yule mjane nambari yake. Nilikaa kwenye saiba, duka la intaneti, nikapekua magazeti rasmi ya zamani yaliyomo katika tovuti ya Kenya Law, nikatafuta jina la marehemu mpaka likatokea. Siku za pingamizi zilikuwa zimepita kitambo. Nani Ganze husoma Gazeti Rasmi?

Kwa hiyo orodha ninayoiomba ni ile ile iliyokwisha kutangazwa vipande vipande, ila ikusanywe pamoja na isipotee jioni.

Na sheria tayari imekwambia hivyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 5, inaitaka kila taasisi ya umma itoe mwongozo utakaomwezesha mtu kujua ni habari za aina gani taasisi inazo, na faharasa za kuzitafutia ziko wapi. Kifungu cha 17 kinakwenda mbali zaidi: kinaipa kila taasisi ya umma miaka mitatu tangu sheria ianze kuihusu iwe imeziingiza kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Sheria ilianza kutumika Septemba 2016. Hesabu inaishia 2019.

Sitaki nionekane sioni yaliyofanyika. Mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, na mwaka 2024 ukasambazwa katika vituo vyote nchini. Kesi mpya sasa zina herufi E mbele ya nambari, na anayezifuatilia hapati taabu tuliyoizoea. Hukumu za mahakama za juu, kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu, ziko Kenya Law bila malipo. Ukiwa na jina la mhusika unaisoma hukumu ya Malindi ukiwa umelala kitandani Mpeketoni. Hiyo ni kazi ya kujivunia, na nchi nyingi hazina mfano wake. Lakini mwananchi wa kawaida hafiki mahakama za juu. Kesi yake huanzia na kuishia kwa hakimu au kwa Kadhi, na huko ndiko giza liliko, hasa kwa kila kilichofunguliwa kabla ya ile herufi E. Migogoro ya ardhi hapa kwetu haikuanza 2020.

Tena ardhi ina balaa lake la ziada. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoundwa kwa sheria ya 2011, kesi za ardhi zilizokuwa Mahakama Kuu zilihamishiwa huko, na nyingi zikapewa nambari mpya. Vituo vipya navyo vinapofunguliwa, mafaili hufungwa kamba yakasafirishwa. Ni hatua nzuri, maana korti inamsogelea mwananchi. Ila mzee aliyetunza karatasi yake ya Mombasa kwenye sanduku kwa miaka ishirini anaambiwa nambari hiyo haipo, na mpya iko kituo kingine, kipi, haijulikani. Mstari mmoja tu katika orodha, "zamani nambari hii, sasa nambari ile, kituo fulani", ungemwokolea nauli na moyo.

Kuna jambo la Makadhi ambalo naona halizungumzwi kabisa. Katika vituo vya Pwani vitabu vyao vimebeba ndoa, talaka na mirathi za familia zetu vizazi kadhaa, na baadhi ya vile vya zamani vimeandikwa kwa hati za Kiarabu ambazo karani wa leo huenda hazisomi. Pwani hii ina walimu wa madrasa na wazee wanaozisoma kama wanavyosoma gazeti. Waiteni kabla hawajatutoka, walipwe posho, wakae na karani mmoja mwenye kompyuta. Hilo halingoji mfadhili kutoka ng'ambo.

Jingine linalonikosesha usingizi ni uharibifu wa mafaili. Kanuni zinaruhusu kituo kuharibu kumbukumbu za zamani kwa idhini ya Jaji Mkuu, baada ya tangazo la miezi mitatu katika Gazeti Rasmi. Sikatai, rafu hazina mwisho. Lakini tangazo husema orodha kamili ya mafaili yatakayoharibiwa inapatikana masijala ya kituo hicho, na wenye haja wajitokeze. Wenye haja ni akina nani, kama hawajui nambari zao? Tangazo lisomwe katika redio za hapa kwetu, libandikwe kwa chifu, lipelekwe kwenye baraza, na orodha iwe na majina. Na faili ikishateketezwa, mstari wake katika orodha ubaki milele, ukionyesha ilikuwepo na nani alishinda.

Sasa faragha. Ndugu zetu walioko Marekani hutuambia kwamba katika kaunti nyingi huko unaandika jina kwenye tovuti ya karani wa mahakama, na kesi zake zote zinakujia. Walionisimulia kwa kusifu ni wengi kuliko walionisimulia upande wa pili: kampuni hukusanya kumbukumbu hizo na kuziuza, na mpangaji aliyewahi kushtakiwa na mwenye nyumba hukataliwa kila aendako, hata kama alishinda kesi. Sitaki tuige hilo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kesi za watoto na za makosa ya kingono zisiguswe kabisa. Za jinai zingoje. Aliyeachiliwa huru asifuatwe na jina lake kila anapoomba kazi. Tuanze na mirathi na ardhi, ambako anayeumia ni yule asiyejua, si yule anayejulikana. Talaka nazo apewe mhusika mwenyewe akionyesha kitambulisho.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Sheria inaruhusu mahakama za chini zitumie Kiingereza au Kiswahili, na shahidi wa Bamba hutoa ushahidi kwa lugha anayoijua. Kinachobaki kwenye jalada ni Kiingereza kitupu, na tovuti ya kufungulia kesi ni vivyo hivyo. Orodha ya majina angalau iwe na vichwa vya Kiswahili.

Vilevile kuna kuchapwa kwa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa kortini, ambako kunastahili barua yake. Mfungwa ana siku 14 za kukata rufaa, na kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaiambia korti imkubalie aliyechelewa kwa kukosa nakala ya hukumu na kumbukumbu katika muda wa kuridhisha. Waliotunga sheria hiyo walijua nakala huchelewa. Leo naiacha hapo.

Mheshimiwa, kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kinaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili. Basi barua hii, ambayo nakala yake yenye sahihi na anwani yangu naileta masijala, ichukuliwe kuwa ombi hilo. Naomba mwongozo wa kifungu cha 5 kwa vituo vya Kilifi, Malindi na Mariakani: rejista gani za mirathi na za ardhi zipo, za miaka ipi, ziko chumba gani, ni afisa yupi anapaswa kunifungulia, na ada ya nakala ni kiasi gani. Sababu za kuomba sidaiwi, kifungu cha 4 kimenisamehe. Kwa kifungu cha 9, muda wa kujibu ni siku 21, na jibu likinifikia nitalibandika kwa chifu wote walione.

Wako mwaminifu,
Msaidizi wa kisheria,
Kaunti ya Kilifi.