Dereva wa safari ya Mikumi analala wapi?

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya "Mikumi, kwenda na kurudi siku moja" yamejaa jijini, hasa sikukuu zikikaribia. Naomba nafasi niwaeleze wanunuzi mzigo anaobebeshwa mwongoza watalii wao, ambaye mara nyingi ndiye dereva huyohuyo.

Kutoka Dar hadi lango la Mikumi ni karibu kilomita 300. Gari likitoka saa 10 usiku, kwa foleni ya malori, litafika saa 3 au 4 asubuhi. Saa hizo simba ameshajilaza kivulini, na mwongozaji mzoefu hahangaiki kumtafuta yeye. Anawatazama swala pala. Wakisimama wote wamekodoa macho upande mmoja huku wakipiga chafya, majanini kuna kitu. Macho yaliyokesha barabarani yanaipita ishara hiyo.

Kumkosa simba ni hasara ndogo. Tembo dume mwenye majimaji meusi yanayomchirizika kati ya jicho na sikio, mkojo ukimdondoka miguuni, yuko katika kutafuta majike na hana subira na gari. Aliye macho humsoma kwa mbali, akarudi nyuma taratibu. Aliyechoka hushtuka masikio yameshatandazwa mbele ya boneti.

Masika ndiyo balaa zaidi. Udongo mweusi wa bonde la Mkata hunasa gari, na jeki isiyowekewa ubao chini huzama yenyewe badala ya kunyanyua. Hapo wanatakiwa watu wawili: mmoja kwenye jeki, mwingine macho yake kwenye nyasi. Kisha zinabaki kilomita 300 za kurudi, giza likiingia, na kipande cha mwanzo kinakatiza hifadhini ambako wanyama huvuka lami.

Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro. Wageni wapande treni. Dereva atangulie na gari siku moja kabla, alale huko, awapokee stesheni. Bora zaidi ni wote walale Mikumi, waingie alfajiri lango likifunguliwa. Gharama ya kitanda chake iwemo kwenye bei, isikatwe kwenye posho yake. Anayetegemea bakshishi hawezi kukataa safari hata akiwa hajalala siku mbili.

Kabla ya kulipa, muulize wakala: dereva atalala wapi usiku wa kuamkia safari? Na wanaotoa leseni za utalii wamuulize hivyohivyo.

Msomaji wako,
Ubungo, Dar es Salaam