Barua kwa Mama Tumaini: njoo Oktoba mwakani

St. Cloud, Minnesota
Jumanne, 22 Oktoba 2019

Kwako rafiki yangu mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Baba Tumaini na watoto wote mko wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi imeshaanza, ila bado ni ile ya kuvumilika. Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mara tatu nimejaribu kukutumia sauti, mara tatu mtandao umekata katikati, na mambo yenyewe si ya dakika mbili. Sista anasafiri Jumamosi kurudi Chipole, kwa hiyo nimempa bahasha hii na kifurushi. Ndani utakuta kipande cha gazeti na ile kofia yako nyekundu uliyoiacha kwangu.

Unisamehe ukimya wangu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Shifti za mchana na usiku zinapokezana, Baraka naye ameanza sekondari na kila siku anarudi na fomu ya kusaini. Lakini nimekukumbuka mno, hasa Jumamosi za msimu huu.

Basi, St. John's yetu imewafunga Tommies, yaani wale wa chuo cha St. Thomas! 38 kwa 20, Jumamosi iliyopita, kule Saint Paul kwenye Allianz Field, ule uwanja mpya wa soka uliofunguliwa mwaka huu. Watu zaidi ya elfu 19 wamekuja kutazama vijana wa vyuo ambao hakuna hata mmoja anayelipiwa ada kwa sababu ya mpira, huu wa Kimarekani wa kushika na mikono. Nilipiga kigelegele mpaka nesi wa zamu akaja mbio akidhani kuna mgonjwa ameanguka.

Maana uwanjani sikuwepo. Nilikuwa kazini, chumbani kwa Mzee.

Mama Tumaini, Mzee hayuko tena vile ulivyomwacha. Tangu Februari yuko hapa kwetu kwenye nyumba ya wazee, chumba cha chini kinachotazama maegesho. Miguu imekataa kabisa. Akili iko timamu, kila jina analikumbuka, na wewe anakuulizia: "Yule rafiki yako aliyesema miti inaungua, hajambo?" Hajasahau siku ile ya kwanza tulipofika Clemens Stadium, uwanja wa St. John's pale Collegeville, ukaona msitu ulivyozunguka uwanja na majani yote mekundu na ya njano, ukaniuliza kwa hofu mbona hakuna anayezima.

Wiki nzima alikuwa anategemea mwanawe ampeleke Saint Paul kwa kiti cha magurudumu. Ijumaa jioni daktari akakataa. Mzee hakusema neno. Jumamosi asubuhi nilipoingia nimsaidie kuvaa, nikakuta ameshajivika mwenyewe ile sweta yake nyekundu, vifungo vimepishana, kimoja kimebaki juu bila tundu. Nikataka kumpangia upya, akanishika mkono. "Acha hivyo hivyo. Washa redio."

Televisheni ipo ukutani, lakini ameikataa. Anasema kwenye redio wanacheza Collegeville hata kama wako kwingine. Basi tukakaa. Nilikuwa natoka kugawa dawa, narudi, natoka tena kwenye chakula, narudi. Kila nikiingia ananiambia matokeo kabla sijauliza, huku kidole kiko hewani, yaani nisiseme kitu, kuna mpira unarushwa. Chai yake ilipoa, nikaipasha moto, ikapoa tena.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulielewa mpaka mwezi uliopita. Kila asubuhi nikimfungulia pazia, hata kama nje ni mvua ya barafu, anasema, "Siku nzuri leo, siyo?" Mimi nilidhani ni adabu ya kizee. Kumbe ni zoezi la John! John Gagliardi, yule kocha wa St. John's, alikuwa anawalaza vijana chini chali uwanjani, kila mmoja amwambie mwenzake jinsi siku ilivyo nzuri. Mzee alimkuta John miaka ile ya hamsini, John mwenyewe ndiyo kwanza amefika, 1953, na akabaki pale hadi 2012. Hakutaka filimbi, hakutaka kuangushana mazoezini, hakutaka kuitwa kocha. Mwite John, basi. Na kwa mtindo huo, katika maisha yake yote ya ukocha, akashinda mechi 489, hakuna kocha wa mpira wa vyuo aliyemfikia. Mwaka jana alipofariki, Oktoba 7, Mzee hakula siku mbili. Na unajua nani aliyempigia simu ya kwanza kumpa pole? Shemeji yake, yule Tommie wa Saint Paul.

Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Mwezi wa tano uliniuliza imekuwaje St. Thomas wafukuzwe kwenye ligi, mimi nikakutumia kile kikatuni cha kulia na sikukueleza. Ni hivi. Ligi yetu, MIAC, ina timu tisa za mpira: St. John's, St. Thomas, Bethel, Gustavus, Concordia ya Moorhead, St. Olaf, Carleton, Augsburg na Hamline. St. Thomas wamekua. Wana wanafunzi zaidi ya elfu 6 wa shahada ya kwanza, wakati wengine wako elfu 2, elfu 3. Mwaka 2017 wakawafunga St. Olaf 97 kwa 0. Tisini na saba, dada! Baada ya hapo maneno yakaanza kwamba hawa si wenzetu tena, hadi Mei 22 mwaka huu ikatangazwa kwamba wanaondolewa. Wamepewa muda mpaka majira ya kuchipua ya 2021. Ligi imeanzishwa 1920 na wao wakiwemo, kwa hiyo mwakani inatimiza miaka 100 huku mmoja wa waasisi amefungashiwa virago.

Mimi St. Olaf nawaonea huruma, sikatai. Mwana wa mtu amekaa darasani wiki nzima, Jumamosi anapigwa 97 mbele ya mama yake. Nimefikiria hata Majimaji yetu iliposhuka daraja mwaka jana, jinsi Songea ilivyonyamaza. Lakini Majimaji ilishuka kwa pointi, na ikipata pointi itapanda. Hapa hakuna kushuka wala kupanda daraja. Vyuo vinakaribishana na kufukuzana vyenyewe. Wamekaa kikao, wakamwambia mwenzao umetushinda sana, ondoka. Hebu fikiria Simba na wengine wote wakae waseme Yanga watoke ligi kwa sababu wana nguvu. Simba siku ya kwanza atacheka. Siku ya pili atamtania nani?

Nilimwambia Baba Baraka hivyo, akasema mimi naingiza utani kwenye mambo ya usawa. Sawa, lakini wale ni watani wa jadi! Wanacheza tangu 1901. Wewe Mngoni unajua. Babu zetu walipigana na Wahehe mpaka damu, leo Mhehe akija kwenye msiba wetu analala mbele ya jeneza anadai alipwe ndipo mzike, na waliokuwa wanalia wanacheka. Huwezi kukaa kikao ukamfuta mtani. Shemeji yake Mzee ni mtani wake tangu walipooa dada na dada. Kila mwaka baada ya mechi, aliyefungwa ndiye anayepiga simu. Ni sheria yao, zaidi ya miaka hamsini sasa.

Jumamosi mechi ilipokwisha, nikamwekea simu juu ya blanketi. Dakika kumi, kimya. Ishirini. Mzee anaitazama tu. Nikaanza kuogopa, maana shemeji naye ana miaka 87. Ikalia. Nikamshikia sikioni, nikasikia upande wa pili: "Haya, sema." Mzee akasema, "Siku nzuri leo, siyo?" Wakacheka wote wawili mpaka Mzee akakohoa ikabidi nimwinue mgongo. Wakazungumza karibu nusu saa, tena si mambo ya mpira, mara magoti, mara bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto.

Alipokata simu akaniuliza, "Baada ya mwakani atanipigia kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Nilimpangusa mdomo nikamfunga vifungo vizuri, safari hii akaniachia.

St. Thomas wenyewe hawajakaa chini kulia. Wanataka waruke kutoka Divisheni ya Tatu ya michezo ya vyuo, tuliyomo sote, moja kwa moja hadi ya Kwanza, na mwanzoni mwa mwezi huu Summit League, ligi ya huko juu, imewakaribisha, ingawa ruhusa ya juu bado. Wakienda huko ndiyo basi, hawatakutana na wa kwetu tena. Nawatakia heri, kwa kweli, japo siku ya mechi siwapendi.

Sasa sikiliza. Mwakani bado wamo. Oktoba 2020 itachezwa mara ya mwisho, na ni zamu ya Collegeville. Nyumbani, mama! Mzee ameapa atafika. Nimeshaongea na mwanawe, pale Clemens njia ya viti vya magurudumu ipo, na mimi nitaomba ruhusa kazini mapema, nitaandika jina langu kwenye kalenda Januari. Shemeji naye analetwa kutoka Saint Paul. Wamepanga wakae pamoja, huyu na sweta nyekundu, yule na zambarau yake. Kabla ya hapo msimu huu haujaisha bado, na vijana wakitwaa ubingwa wataingia zile timu 32 za mtoano wa taifa, lakini Mzee hata hilo halizungumzii. Kila akizungumza ni mwakani, mwakani.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, ile picha ya mechi ya Tommies ya 2017 pale uwanja wa Target Field, sisi watatu na Mzee, mimi nimefunga kitenge juu ya koti. Ilikuwa kwenye simu yangu iliyozama. Nataka niisafishe niiweke ukutani kwake, maana ndiyo ya mwisho nimemwona amesimama. Siku ile walikuja watu 37,355, tukafungwa 20 kwa 17, na bado Mzee akatununulia chokoleti ya moto, akasema tusilie, mwakani wapo. Unitumie kwa WhatsApp ile yenyewe, usiipunguze.

La pili, njoo. Najua nauli, najua viza, najua shamba linaanza kutayarishwa Oktoba. Ila ukianza kuweka kidogo kidogo sasa, na mimi huku nikiweka, mwaka mzima si tutafika? Utalala kwangu, Baraka atahamia sebuleni, ameshakubali mwenyewe. Tutanunua ule mkate wa watawa, tutapita chini ya lile bango la kengele mbele ya kanisa, tutashuka uwanjani mapema tupate nafasi karibu na miti. Mimi kwenda pale bila wewe siku ya mwisho, hapana, yaani sijui niseme nini.

Nieleze na ya huko. Mvua imeonyesha dalili? Mbolea mwaka huu mmepata kwa bei gani? Tumaini amefanya mtihani wa darasa la saba, alisemaje alipotoka? Mama anaendelea na dawa za presha au ameziacha tena? Yule fundi alimaliza kupaua nyumba? Sista akifika mwangalie vizuri, amekonda kwa masomo, na pale chuoni Saint Benedict wamemsifu mno. Majimaji wanafanya nini huko chini, kuna matumaini ya kurudi? Na kofia, inakutosha bado ukisuka rasta?

Nijibu kabla ya Krismasi. Picha usingoje barua, itume hata leo. Mzee ananiita, kengele ya chumba chake inawaka.

Akupendaye,
Mama Baraka