Anayetaka kuimarika katika pikoboli aanze na pigo la tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mada iliyogusiwa na safu yenu ya michezo kuhusu pikoboli (pickleball), mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki wenye matundu kwa vibao juu ya wavu, mara nyingi wawili kwa wawili, ambao umekwisha kufika Nairobi na ambao baadhi ya wasomaji wako bila shaka wameanza kuujaribu. Mwandishi wa makala yale aliwashauri wanaoanza wanunue kibao cha bei ya juu, wajenge misuli ya mkono na wajizoeze kupiga mpira kwa kasi. Kwa heshima zote, naona ushauri huo umeanzia mwisho. Mimi naishi Seattle, mwendo wa dakika 35 hivi kwa kivuko kutoka kisiwa cha Bainbridge ambako mchezo huu ulibuniwa mwaka 1965, na katika viwanja vya umma vya hapa ni jambo la kawaida kuona vijana wenye misuli iliyotuna wakifungwa na watu wa rika la wazazi wao. Vibao vyao havina kasoro yoyote. Kinachowaponza ni kwamba hawajajiuliza kanuni za mchezo zinampendelea nani, na kwa wakati gani.

Mbinu zote za pikoboli zinatoka ndani ya kanuni zake, kwa hiyo naomba nizieleze kidogo. Anayeanzisha huupiga mpira kutokea chini ya kiuno, kimshazari, na mpira huo lazima udunde upande wa wapokeaji kabla hawajaurudisha. Ukirudi, lazima udunde tena upande wa waanzishaji kabla nao hawajaugusa. Baada ya midundo hiyo miwili ndipo mchezaji anaporuhusiwa kuupiga mpira ungali hewani, mradi asiwe amekanyaga eneo la mita 2.13 kutoka wavuni, ambalo wachezaji huliita jikoni. Mstari wa jikoni ni sehemu ya jikoni, na hata kama uliupiga mpira ukiwa nje, ukisukumwa na kasi ya mwili wako ukaukanyaga mstari huo, umefanya kosa. Matokeo ya kanuni hizi ni kwamba mwenzi wa mpokeaji anaweza kusimama mbele, kwenye mstari wa jikoni, tangu mwanzo, na mpokeaji mwenyewe akisharudisha mpira anakimbia kuungana naye, ilhali waanzishaji wote wawili wamefungwa nyuma, karibu mita 6.7 kutoka wavuni, wakisubiri mdundo wao. Katika tenisi anayeanzisha ndiye mwenye silaha; katika pikoboli yeye ndiye anayeanza akiwa amebanwa, na bado, kwa hesabu ya kawaida ya mchezo huu, ni upande unaoanzisha tu ndio unaoweza kupata pointi. Ili ufikishe pointi 11, tena kwa tofauti ya pointi mbili, huna budi kujua namna ya kujinasua kutoka nyuma mara nyingi katika mchezo mmoja.

Hapo ndipo lilipo pigo la tatu, yaani lile la kwanza baada ya mpira kurudishwa, na kwa maoni yangu ndilo linalomtenga mchezaji anayekua na yule atakayebaki palepale miaka nenda miaka rudi. Anayeanza huona mpira umedunda vizuri mbele yake, akajaa hamu, akaushindilia. Mpira huo unawakuta wapinzani wawili wamekwisha kusimama mbele, vibao vikiwa kifuani. Wanachofanya ni kuuwekea kibao tu, nao unarudi miguuni kwake wakati yeye bado yumo mbioni kwenda mbele. Anayejua hufanya kinyume chake. Anaupeleka mpira polepole, kwa upinde unaofikia kilele ukiwa bado upande wake mwenyewe, halafu unashuka nyuma ya wavu na kudunda jikoni kwa wapinzani. Mpira ulio chini ya usawa wa wavu hauwezi kushindiliwa; mpinzani analazimika kuunyanyua, na katika muda huo waanzishaji wanapata nafasi ya kusogea hadi kwenye mstari wao wa jikoni. Kuanzia hapo pande zote mbili zinalingana, na mchezo unaanza upya.

Kulipata pigo hilo hakuhitaji nguvu wala kibao ghali, bali mkono uliotulia. Kunja magoti kidogo badala ya kuinamisha mgongo, anza na kibao kikiwa chini ya mpira, uguse mpira mbele ya mwili, na mkono wote usogee kutokea begani huku kifundo cha mkono kikiwa hakichezi. Mshiko uwe mlegevu kiasi kwamba mtu akikivuta kibao kitatoka mkononi mwako bila ugomvi. Kosa linaloonekana zaidi ni la kukaza vidole pale mpira unapokaribia, kwa sababu kibao kilichokazwa huurusha mpira juu, na mpira wa juu ni zawadi kwa aliyesimama mbele. Njia ya kujifunza niliyoiona ikizaa matunda ni hii: wachezaji wawili wanasimama kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni, wanapeana mipira laini inayodunda jikoni kwa mwenzake, kisha mmoja anarudi nyuma hatua moja kila mara anapofaulu kuirudia bila kukosea, mpaka afike kwenye mstari wa mwisho. Anayekosea anasogea mbele tena. Zoezi hilo halina mbwembwe, na pengine ndiyo maana watu wengi wanaofika uwanjani wanataka kucheza mchezo kamili moja kwa moja, ambamo pigo la tatu linawajia mara chache na katika hali ya haraka.

Sisemi kwamba nguvu haina mahali pake. Mpira ukirudishwa mfupi na ukadunda juu, upige kwa kasi bila kusita, ukiulenga mwilini au miguuni mwa mpinzani, maana kuudondosha mpira wa namna hiyo ni kupoteza nafasi. Wachezaji wazuri hata hutumia pigo kali la tatu kama mtego: wanajua litarudi, lakini litarudi likiwa limenyanyuka kidogo, na pigo lao la tano ndilo linalodondoshwa jikoni. Kinachowashinda vijana ninaowazungumzia ni kuchagua. Wao hushindilia kila mpira, ulio juu na ulio chini, na wavu unakula pointi zao moja baada ya nyingine.

Kuna mama mmoja mstaafu hapa ambaye hupenda kucheza asubuhi, goti lake moja likiwa limefungwa bandeji, na ninamtaja kwa sababu mtu akimtazama anajifunza zaidi kuliko kwa kusoma barua hii. Hakimbii. Anasogea pembeni kwa hatua fupi bila kukingamisha miguu, na kila mpinzani anapotaka kupiga, yeye anakuwa amekwisha kusimama kwa miguu yote miwili, kibao kikiwa usawa wa kifua, kimeelekea kidogo upande wa kushoto. Mpira ukija kwa kasi anaupokea kwa mshiko uleule mlegevu, unakufa kwenye kibao na kudondoka ng'ambo ya wavu. Mpira mkali ukimjia usawa wa bega, anainamisha kichwa, anaukwepa na kumwambia mwenzake auache, nao unatoka nje. Kijana aliyeupiga hubaki akikitazama kibao chake.

Mkishafika wote mbele, kinachobaki ni uvumilivu na jiometri kidogo. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 kwenye kingo na sentimita 86.4 katikati; sentimita hizo tano, pamoja na ukweli kwamba mshazari ni mrefu kuliko njia ya moja kwa moja, ndizo zinazofanya mpira laini wa mshazari uwe salama kuliko mwingine wowote. Cheza huo mpaka mpinzani akosee na kukuletea mpira ulio juu ya usawa wa wavu. Hapo ushambulie, na ushambulie begani kwa mkono wake unaoshika kibao au kiunoni mwake, mahali ambapo viwiko hugongana na mbavu, badala ya kuwinda pembe za uwanja ambazo upana wa mita 6.10 hauzifichi mbali hata kidogo. Katikati, baina ya wapinzani wawili, ni shabaha nyingine nzuri, maana kila mmoja humdhania mwenzake. Kwa upande wenu, kubalianeni kabla ya kuanza ni nani mwenye mipira ya katikati, na aseme "Yangu!" kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili.

Kuhusu pigo la kuanzisha na la kurudisha, sina mengi. Yote mawili yaende mbali, karibu na mstari wa mwisho, na la kurudisha liwe la polepole, lenye upinde, ili aliyelipiga apate muda wa kukimbia mbele. Anayehangaika kubuni mizunguko ya ajabu ya kuanzishia huku akikosa mara kwa mara anawapa wapinzani zamu bila jasho.

Jambo ambalo makala yenu hayakuligusa kabisa, na ambalo nadhani litawahusu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, ni la viwanja. Joel Pritchard na Bill Bell, waliobuni mchezo huu, waliuanzia kwenye uwanja wa mpira wa vinyoya (badminton) wakiwa hawana vifaa kamili, wakatumia vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, na rafiki yao Barney McCallum akaja kuwachongea vibao vya plaiwudi. Ndiyo sababu uwanja wa pikoboli una vipimo vya uwanja wa vinyoya wa wachezaji wanne, mita 6.10 kwa mita 13.41, na shule au klabu yenye uwanja huo ina karibu kila kinachohitajika. Mbali na kuushusha wavu, tahadhari ni moja: mstari wa mbele wa kuanzishia katika vinyoya uko mita 1.98 kutoka wavuni, si mita 2.13, hivyo anayeufanya mstari huo kuwa mpaka wa jikoni anajizoesha kusimama sentimita 15 ndani ya eneo lisiloruhusiwa. Siku atakayocheza kwenye uwanja wenye vipimo sahihi, kila mpira atakaoupiga hewani utahesabiwa kuwa kosa, naye ataona anaonewa. Kwa wanaoazima viwanja vya tenisi, wavu wa tenisi una sentimita 91.4 katikati, kwa hiyo ukiachwa ulivyo utamzoesha mchezaji kunyanyua pigo la tatu zaidi ya inavyotakiwa. Ushusheni hizo sentimita tano kwa mkanda wa katikati kabla ya kuanza mazoezi.

Pwani kuna upepo pia. Mpira wa pikoboli una uzito usiozidi gramu 26.5 na umejaa matundu, 40 kwa kawaida katika mpira wa nje, kwa hiyo upepo wa alasiri wa Mombasa au Dar es Salaam unaweza kuusogeza hatua nzima. Ukiwa unacheza kuukabili upepo, piga kwa nguvu zaidi na usiogope kwenda mbali; ukiwa umeupa mgongo, punguza, na pigo la tatu ulilenge chini kuliko kawaida. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, ndio wakati wa kujifunza. Wale wenye ukumbi wa ndani wana bahati, na mpira wao huwa wa matundu 26, laini kidogo kuliko ule wa nje.

Kwa kuwa mchezo huu huwavuta watu wazima, naomba pia liandikwe kwa herufi zinazoonekana kwamba mpira ukipaishwa juu ya kichwa chako, usirudi kinyumenyume. Geuka, ukimbie ukiwa umeelekea unakokwenda, au mwache mwenzako aufuate kwa mshazari. Anayerudi kinyumenyume huanguka chali, hutanguliza mkono, na mfupa wa kifundo ndio unaolipa. Viatu viwe vya uwanjani, vyenye soli bapa inayoshika sakafu, kwa sababu viatu vya kukimbilia vimetengenezwa kwa ajili ya kwenda mbele na humpindua mtu anapokwenda pembeni. Fedha ambazo mwandishi wenu alitaka zitumike kwenye kibao ningependa zianzie hapo, zifuate miwani ya kukinga macho, maana mpira unaopigwa na mtu aliye mita nne mbele yako haukupi muda wa kufumba jicho.

Ninachoomba kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni kwamba safari ijayo mtakapouandikia mchezo huu, badala ya picha na bei za vibao mchapishe mchoro wa uwanja wenye vipimo nilivyovitaja. Mwalimu wa michezo mwenye uwanja wa vinyoya, futi ya kupimia na utepe wa gundi ataweza kubandika mstari wa jikoni mahali pake kabla ya kipindi cha kwanza kwisha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Seattle, Marekani