Mheshimiwa Waziri wa Michezo, huyu kijana wetu anahitaji simiti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo, Kaunti ya Nakuru,

Salamu sana mheshimiwa. Mimi ni mwashi, nakaa huku Kaptembwa, mchana niko mjengoni na jioni na wikendi nafunza watoto kriketi bila malipo kwa uwanja wa murram karibu na kwetu. Nimeamua kuandika hii barua mbele ya watu wote juu nataka wazazi waisome, na makochi wengine pia, na mwenye anaona nimekosea aseme.

Kuna kijana hapa, miaka 15. Jina lake sitalitaja, bado ni mtoto na hajaniomba nimtangaze, lakini ukikuja Jumamosi moja hutauliza ni nani, utamjua tu kwa venye anasimama. Watoto wengi wakisubiri mpira wanatingisha kichwa, wanapigapiga gongo chini kama wanatwanga mahindi. Huyu anatulia. Macho yanakaa sawa, bega la kushoto linaangalia mrushaji, na mpira ukitoka mkononi bado hajasonga, anaungoja. Anaungoja mpaka uko karibu kabisa na pua yake halafu ndio anaupiga, na uso wote wa gongo unaangalia mbele. Hiyo kuchelewa kwake mheshimiwa ndiyo kitu siwezi kumfunza mtoto hata nikikaa naye miaka kumi, alikuja nayo.

Halafu mipira ya spini, ile mrushaji anaizungusha ili ipinde ikigusa chini. Murram yetu imepasuka pasuka na mpira ukigusa ufa unapinda vibaya, watoto wengine wanabaki wameganda kwa mstari wakiomba Mungu, lakini yeye anatoka hatua mbili haraka, anaufikia kabla haujapinda na anaupeleka moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji. Siku moja niliweka kopo la rangi pale mahali mrushaji anaachilia mpira nikamwambia alipige, kwa mipira sita akalipiga mara tatu. Tunatumia mpira wa tenisi tumeuzungusha tepu ya umeme upande mmoja.

Sasa nikuambie ubaya wake, juu sitaki mtu aseme ati mimi ni kochi wa kusifu tu.

Hajui kurudi na mguu wa nyuma akapiga. Mpira wowote, mrefu au mfupi, mguu wa mbele unaenda. Miezi michache iliyopita tulialikwa mechi mahali kuna pichi, yaani ule ukanda wa katikati mpira unarushiwa, ya simiti yenye mkeka juu, na mpira wenyewe ule wa ngozi. Mpira wa kriketi wa watu wazima ni gramu 156 mpaka 163, na ndani ni koki imefungwa uzi, ni kitu kigumu. Mrushaji akatupa mfupi, mpira ukagonga mkeka ukapanda mpaka kifua. Kijana wangu mguu wa mbele ushaenda, mikono ikapanda juu kujikinga, mpira ukagusa glavu ukapaa polepole ukashikwa. Akatoka na mikimbio 4 tu. Awamu ya pili ikawa hivyo hivyo, sasa akatoka na 0. Watu wawili wenye wanajua mchezo wakaniambia huyo anaogopa mpira, mtafute mwingine.

Niliumia sana hiyo siku. Tukiwa kwa matatu tukirudi aliniuliza swali moja tu: "Kochi, ule mpira ulikuwa unaenda wapi?" Mtoto mwenye anaogopa haulizi hivyo. Huyu alikuwa hajawahi kuona mpira ukipanda, basi. Kwetu kwa murram mpira ukianguka unalala, unakuja kwa shini, na ukibaki nyuma unagongwa mguu au wiketi, vile vijiti vitatu nyuma yako, zinaenda. Kwa hivyo tangu akiwa na miaka 10 mwili wake umejifunza kitu kimoja, enda mbele, na kwa murram hiyo ndiyo kriketi sahihi kabisa! Uwanja ndio umemfunza hivyo. Najua juu mimi pia nilitoka kwa udongo kama huo, siku niliitwa kwa majaribio nikaenda mbele kwa mpira mfupi ukanipasua chini ya kidevu, alama iko mpaka leo, na sikuitwa tena.

Kosa la pili ni mkono wa chini. Gongo tuko nalo ni la mtu mzima, tulilikata mpini, ni zito, sasa mkono wa kulia unashika kwa nguvu na kulivuta, na mpira wenye ungeenda mbele unaenda kushoto, upande wa miguu yake. Hilo halinisumbui sana. Gongo la saizi yake, ile ya vijana inaitwa Harrow, na wiki chache za kupiga kwa mkono wa juu peke yake, litaisha.

La mguu ndilo lina saa. Kwa miaka 15 mwili bado unakubali kubadilishwa, kwa miaka 18 unakataa, akiona mpira wa kasi atarudia ya utoto. Dawa yake si siri, ni mtu kusimama mita kama 15 na kumrushia mipira mifupi 100, 150 kila siku, kwa pichi yenye mpira unapanda kwa urefu mmoja kila saa, ili mguu wa kulia ujifunze kurudi nyuma na kukaa sambamba na mstari, kichwa kibaki juu ya mpira. Kwa murram siwezi kufanya hivyo na mpira mgumu, juu mmoja utalala na mwingine utaruka kwa jino. Phillip Hughes alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Australia, tena na helmeti kichwani, mpira mfupi ukampiga shingoni pale Sydney mwaka wa 2014 na siku mbili baadaye akafariki. Mimi siwezi kucheza na mtoto wa mtu.

Kuna wenye wananiambia nimpeleke timu ya wakubwa saa hii, ati Sachin Tendulkar aliingia timu ya India na miaka 16. Ni ukweli, 1989, na mpira wa Waqar Younis, mrushaji wa Pakistan, ukampiga puani akaendelea kucheza. Lakini Tendulkar alikuwa ameshinda miaka kwa neti za Shivaji Park pale Mumbai kabla ya huo mpira. Ukimpeleka huyu wetu sasa utamvunja, na yule atarudi kukaa kwa steji ya boda boda, nimeona wawili wakiisha hivyo.

Mimi naona hivi. Akipata miaka miwili ya pichi nzuri, huyu ni namba 4, yaani mpigaji wa nne kuingia, wa timu ya vijana chini ya miaka 19, mtu wa kuingia wakati spini imeanza na kutulia mpaka ova za mwisho (ova moja ni mipira sita). Zaidi ya hapo sitaahidi, kuna vijana wengi hupotelea hapo katikati. Na mlango uko wazi kushinda zamani, kriketi ya T20, ile fupi ya ova 20 kila timu, itachezwa kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, na majirani wetu Uganda walifika Kombe la Dunia la T20 2024 wakashinda Papua New Guinea. Uganda, mheshimiwa! Sisi Kenya ndio tulichapa West Indies kwa Kombe la Dunia 1996 pale Pune, India, tukawatoa wote kwa mikimbio 93, sisi ndio tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 Steve Tikolo akiwa kapteni. Tangu 2014 hata ile hadhi ya kucheza mechi za ODI, zile za kimataifa za siku moja, hatuna. Nikiona huyu kijana akingoja mpira venye anangoja, nakumbuka 2003, na inaniuma kwamba kitu kinamzuia ni kitu mimi hufanya kila siku na mwiko wangu.

Kwa hivyo ombi langu liko hapa, na nimepiga hesabu kama fundi. Pichi ni yadi 22, karibu mita 20. Ya mazoezi upana wa mita 2 unatosha, tufanye urefu mita 22 ili mrushaji apate mahali pa kukanyaga. Unene inchi 4. Hiyo ni kama kyubiki mita nne na nusu, kwa mchanganyiko wa moja mbili nne ni simiti mifuko kama 30, mchanga, kokoto, na BRC, ule wavu wa chuma, isipasuke. Juu yake mkeka wa kriketi, na nyavu pande mbili. Ongeza helmeti mbili za saizi ya watoto na gongo mbili. Kazi ya mikono usiiweke kwa bajeti, mimi na mafundi wenzangu wawili tutaimwaga bure, tutainyunyizia maji hizo siku saba zote, na levo nitaipima mwenyewe juu pichi ikiinama hata kidogo mpira unadanganya. Tunachohitaji kwako ni vifaa na kibali cha kuijenga kwa uwanja wa umma, mahali mtoto yeyote wa Kaptembwa, Rhonda ama Bondeni anaweza kuingia bila kuulizwa yeye ni memba wa wapi.

Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi kabla jua liwake. Ukikuja, nitamwambia arushiwe mipira ya spini kwanza uone miguu yake ikicheza, halafu nitakuonyesha mahali nimeshapima kwa kamba na vigingi vinne, viko hapo tangu wiki iliyopita na watoto wameanza kuvizunguka wakikimbia, hakuna hata mmoja amekanyaga ndani.

Wako,
Mwashi na kochi wa watoto, Kaptembwa, Nakuru