Makabidhiano ya zamu yasifanyiwe koridoni

Mhariri,

Uongozi wa hospitali hupimwa mno kwa vitanda na mashine, ilhali mengi huharibikia pale zamu zinapopokezana. Muuguzi aliyechoka kwa saa 12 anataja dawa harakaharaka, mkoba begani. Anayeingia bado anafunga vifungo vya sare. Dozi ya saa 2 usiku inarukwa, au inatolewa mara mbili. Tiba yake si semina nyingine. Zamu zipishane kwa dakika 30, wauguzi wote wawili wasimame kando ya kitanda wakiwa na faili, na anayepokea arudie kwa sauti alichoambiwa.

Idadi ya watumishi nayo isipangwe kwa vitanda pekee. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukokotoa mahitaji kwa mzigo wa kazi: muda wa kila huduma, inatolewa mara ngapi kwa mwaka, na saa ambazo mtumishi yupo kazini kweli, ukishatoa likizo, ugonjwa na mafunzo. Wengi husahau kuzitoa, ndiyo maana ratiba hupendeza ukutani huku wodi ikipwaya.

Uhamasishaji wa afya uanze kwa watumishi wenyewe: chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3, ya pili mwezi 1 na ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Kwa mgonjwa, elimu ya kisukari au shinikizo la damu isingoje dakika ya kuruhusiwa, mawazo yake yakiwa kwenye bili na usafiri. Ianze mapema wodini, na mgonjwa mwenyewe aeleze atakavyomeza dawa zake.

Wasomaji wako,
Wadau wa huduma za afya